Je, Hadubini ya Zamani Yatosha Kuchunguza Ribosomu?

Swali: "Ninasoma shahada ya uzamili katika biolojia ya molekuli. Nimetenga ribosomu za bakteria E. coli kwa sentrifuji ya kasi kubwa, nikazipaka rangi ya uranili asetati na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni ya kilovolti 100 iliyopo idara ya patholojia. Nilichokiona ni vidoa tu, vingine vikubwa na vingine vidogo, vingi vikiwa vyeusi, na havifanani. Msimamizi wangu anasema hadubini hiyo imepitwa na wakati, na kwamba bila mashine ya mamilioni ya dola inayotazama sampuli zilizogandishwa nisijisumbue. Mwenzangu naye anasema zile picha nzuri za ribosomu tunazoziona vitabuni ni kazi ya kompyuta, ambayo hutoa kile ilichoambiwa kitoke. Lengo langu la baadaye ni ribosomu za kimelea cha malale. Niendelee au nibadilishe mada?"

Ndugu msomaji,

Endelea. Usibadilishe mada, ila badilisha mpangilio wa kazi: acha kwa sasa kuhangaikia mashine usiyokuwa nayo, ushughulikie sampuli iliyo mkononi mwako. Msimamizi wako na mwenzako wote wawili wamesema jambo lenye ukweli ndani yake, lakini kila mmoja amelivuta mpaka mahali ambapo ukweli huo haufiki.

Vidoa ulivyoviona huenda ni ribosomu kweli, yaani zile chembe za seli zinazotengeneza protini. George Palade alipozieleza chembe hizi mwaka 1955, akiwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, naye aliona vidoa: chembe ndogo nyeusi, nyingine zimeshikamana na utando ndani ya seli, nyingine zimetawanyika katika saitoplazimu, zote bila umbo la kueleweka. Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Kwa hiyo kuona kidoa si kushindwa. Suala ni kujua kidoa hicho ni cha nini, na hilo linaanza kwa kupima. Ribosomu ya bakteria ina kipenyo cha takriban nanomita 20 hadi 25. Hadubini ikikuza mara 50,000, nanomita 25 huwa milimita 1.25 kwenye filamu, ukubwa ambao rula ya kawaida inaupima. Kama kamera yenu ni ya dijitali, tumia mstari wa kipimo ulio chini ya picha, baada ya kuuhakiki kwa gridi maalumu ya usawazishaji, kwa kuwa katika hadubini za zamani mstari huo mara nyingi hausemi kweli. Kidoa cha nanomita 5 si ribosomu, na cha nanomita 100 ni bonge la chembe zilizogandamana au kipande cha utando kilichoponyoka wakati wa kutenga.

Sasa nije kwenye hadubini yenyewe, ambayo nadhani imelaumiwa bure. Ubainifu wa hadubini, yaani umbali mdogo kabisa ambao nukta mbili bado zinaonekana kuwa mbili, hutegemea kwanza urefu wa wimbi linalotumika kutazamia. Nuru ya kawaida hukwama karibu na nanomita 200, na ndiyo maana ribosomu haionekani umbo lake kwa hadubini ya nuru hata ungenunua lenzi bora namna gani. Elektroni iliyosukumwa kwa kilovolti 100 ina urefu wa wimbi wa nanomita 0.0037, mdogo sana kuliko atomu. Lenzi za sumaku zina kasoro zake na hazifikii kiwango hicho, lakini hata chombo cha miaka ya 1980 kilichotunzwa vizuri kinaweza kubainisha sehemu ndogo ya nanomita moja. Kinachokuzuia ni rangi. Uranili asetati ikikauka huacha chembechembe zake yenyewe, na ribosomu iliyokaukia ndani yake hubonyea kidogo, hivyo taswira ya namna hiyo haivuki nanomita 2 hivi. Ukiichukua gridi yako hiyohiyo, yaani kile kijiwavu kinachobeba sampuli, ukaiweka katika hadubini ya kilovolti 300 iliyo mpya kabisa, utaona vidoa vilevile, kwa gharama kubwa zaidi.

Umesema vidoa vingi ni vyeusi, na maneno hayo mawili ndiyo yaliyonivutia kuliko mengine yote katika swali lako. Katika upakaji unaokusudiwa, rangi huizunguka chembe na kujaa katika mikunjo yake bila kuingia ndani, kwa hiyo ribosomu inatakiwa ionekane nyeupe-nyeupe juu ya uwanja wa kijivu, ikiwa na ukingo mweusi unaochora umbo lake. Ribosomu ya bakteria ni RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, kwa takriban theluthi mbili za uzito wake, na fosfeti za RNA huvuta ioni za uranili kwa nguvu. Ikiwa rangi imekuwa hafifu, au umeiondoa kwa kuikausha mno, au gridi haikubali maji, kinachobaki ni ile uranili iliyong'ang'ania RNA tu, na chembe hugeuka nyeusi juu ya uwanja mweupe. Hapo umbo limepotea. Hakuna hadubini itakayolirudisha, lakini gridi ya pili iliyotengenezwa vizuri italirudisha saa hiyohiyo.

Nikueleze jinsi gridi hiyo inavyotengenezwa. Chukua gridi ya shaba ya milimita 3 iliyofunikwa utando mwembamba wa kaboni, uipitishe kwenye chombo cha kutoa umeme ndani ya hewa hafifu kwa nusu dakika hivi, kwa sababu kaboni ikikaa siku nyingi huyakataa maji na tone hujikunja juu yake badala ya kutandaa. Punguza ukolezi wa ribosomu mpaka kipimo cha ufyonzaji wa nuru kwenye nanomita 260 kiwe 1 au 2. Kipimo cha 1 ni sawa na takriban pikomoli 24 za ribosomu nzima za bakteria kwa kila mililita, na kwa upakaji wa rangi kiasi hicho kinatosha; wanafunzi wengi huweka mara kumi zaidi kwa hofu ya kukosa, kisha wakakuta chembe zimelaliana. Tone la mikrolita 3 likae dakika moja, lifyonzwe kwa kugusisha karatasi ya kuchujia ukingoni mwa gridi, lisuuzwe kwa tone la maji safi au la bafa (kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi) isiyo na fosfeti, halafu ipitishwe rangi ya asilimia 1 au 2 mara mbili, ya mwisho ikae nusu dakika kabla ya kufyonzwa. Usifyonze mpaka tone la mwisho liishe kabisa: acha ukungu mwembamba wa rangi ukauke wenyewe hewani. Unapoitazama, usihukumu gridi nzima kwa mraba mmoja. Mara nyingi upande mmoja wa gridi rangi ni nzito na upande mwingine haipo, na eneo zuri liko katikati ya hali hizo mbili.

Kuhusu bafa, naomba uangalie mambo mawili kabla ya kurudia chochote. Uranili ikikutana na fosfeti hufanya mashapo, kwa hiyo bafa za fosfeti hazifai hapa. Tumia Tris au HEPES. La pili ni magnesiamu. Ribosomu ya bakteria ni muungano wa sehemu mbili, ndogo iitwayo 30S na kubwa iitwayo 50S, na muungano wake huitwa 70S. Namba hizo hupima kasi ya kuzama katika sentrifuji na wala si uzito, ndiyo maana 30 na 50 hazijumlishwi kuwa 80. Kinachozishikilia pamoja kwa sehemu kubwa ni ioni za magnesiamu. Zikiwa milimola 10 kwa lita, muungano husimama. Zikishuka karibu na milimola 1, sehemu hizo huanza kuachana. Nashuku hiyo ndiyo asili ya vidoa vyako vikubwa na vidogo: kwamba unatazama 70S, 50S na 30S zikiwa zimechanganyika, labda kwa sababu ulisuuza gridi kwa maji matupu kwa muda mrefu au bafa yako ya mwisho ilikuwa na kiungo kinachonyakua magnesiamu, kama vile EDTA. Mteremko wa sukrosi, yaani mmumunyo wa sukari unaozidi kukolea kuelekea chini, kwenye sentrifuji utakuonyesha vilele vitatu kama ndivyo ilivyo, na utakuwezesha kuchukua kilele kimoja tu.

Hata baada ya kuchukua kilele kimoja, chembe hazitafanana, na hapa hakuna kosa lolote. Hadubini ya elektroni inayopitisha mwale katikati ya sampuli haikupi sura ya kitu bali kivuli chake kilichorundikwa, kila kilicho juu kikiangukia kilicho chini. Liangalie birika la muuza kahawa likiwa mbele ya taa: kivuli cha ubavuni kinaonyesha mdomo na mkono, cha juu kinaonyesha duara tu, na asiyelijua birika angeapa kwamba ameona vitu viwili. Sehemu ya 50S ina mkao mmoja mashuhuri ambao hata jicho lisilozoea huutambua, wenye vichomozi vitatu kama taji, na sehemu ya 30S katika mkao wake mzuri huonyesha kichwa, shingo nyembamba na kiwiliwili. Ukiipata mikao hiyo miwili katika gridi yako iliyopakwa vizuri, utajua bila shaka kwamba kazi yako ya kutenga imefanikiwa. Katika miaka ya 1970 James Lake huko Marekani na kundi la Georg Stöffler mjini Berlin walitumia picha za namna hii hasa, wakiongeza kingamwili zilizokuwa zikigusa protini moja moja, ili kujua protini gani iko wapi juu ya ribosomu. Walitofautiana kuhusu maumbo, na kwa muda tofauti hizo hazikuamulika, kwa sababu kila upande ulitegemea jicho la mtu kuchagua picha iliyo nzuri.

Ndipo kompyuta ilipoingia, na hapo tuje kwenye dai la mwenzako. Elektroni zinazotengeneza picha ndizo pia zinazoiharibu sampuli: kila inayogonga na kuacha nishati huweza kuvunja vifungo vya kikemia. Kwa sampuli isiyopakwa rangi, mtafiti hujibana kwenye elektroni kadhaa za makumi tu kwa kila angstromu mraba, na angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita. Kwa dozi ndogo hivyo picha ya chembe moja huwa imefifia kabisa, imejaa chenga, na jicho halitofautishi chembe na uwanja wake ila kwa taabu. Njia ya kutoka ni wastani. Ukipanga picha 100 za mkao uleule, chenga hupungua mara 10. Ukipanga 10,000, hupungua mara 100, kwa sababu chenga huangukia kila mahali bila mpango ilhali umbo hurudia palepale. Aaron Klug, aliyekulia Durban na kusoma Johannesburg na Cape Town, alionyesha mwaka 1968 pamoja na David DeRosier kwamba vivuli vya mikao mbalimbali vinaweza kuunganishwa na kutoa umbo la pande tatu, ingawa kitu walichokitumia, mkia wa kirusi cha bakteria, kilikuwa na ulinganifu wa kuwasaidia. Ribosomu haina ulinganifu wowote. Joachim Frank, aliyefanya kazi Albany katika jimbo la New York kuanzia miaka ya 1970, aliijenga njia ya kuzipanga chembe za namna hiyo zilizolala kila moja upande wake, kuzigawa katika makundi kwa takwimu pamoja na Marin van Heel mwaka 1981, na kisha kujenga umbo. Sehemu ya 50S ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kujengwa hivyo, mwaka 1987, na mwaka 1995 ribosomu nzima ya E. coli ilifikia ubainifu wa nanomita 2.5.

Je, kompyuta inaweza kutoa kile ilichoambiwa kitoke? Inaweza, na mwenzako amekushika mahali panapouma. Chukua maelfu ya picha zenye chenga tupu, zisizo na chembe yoyote, uiambie programu izipange kwa kuzilinganisha na picha ya uso wa Einstein. Kila moja itasogezwa na kuzungushwa mpaka chenga zake zilingane kidogo na uso huo, na wastani wake utakuwa Einstein, nywele na masharubu. Richard Henderson wa Cambridge alilitumia jambo hili mwaka 2013 kuwaonya watafiti kwa jina, akisema wazi kwamba muundo fulani uliokuwa umechapishwa haukusimama. Kwa hiyo wasiwasi huo si wa wajinga.

Hata hivyo kuna njia za kujilinda, na mtu anayezifuata hadanganyiki kirahisi. Picha ya kuanzia ya kulinganishia hufifishwa makusudi mpaka ibaki kama bonge, nanomita 4 hadi 6, ili kila kinachoonekana kwa undani zaidi ya hapo kiwe kimetoka kwenye data. Data yenyewe hukatwa nusu mbili ambazo hazikutani katika hatua yoyote ya upangaji, kila nusu ikajenga umbo lake, kisha maumbo hayo yakalinganishwa. Ubainifu unaotangazwa ni pale tu ambapo nusu hizo mbili zinakubaliana. Juu ya yote hayo, kwa ribosomu tuna shahidi wa nje. Mwaka 2000 makundi matatu yaliyotumia njia tofauti kabisa, miale ya eksirei na fuwele, yalichapisha miundo ya sehemu za ribosomu kwa ubainifu wa atomu, na Ada Yonath, Thomas Steitz na Venkatraman Ramakrishnan wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2009. Umbo lililokuwa limetoka kwenye hadubini miaka kadhaa kabla lilikuwa lilelile, tena mwaka 1998 kundi la Steitz lilikuwa limelitumia umbo la hadubini kupata mwanzo wa kuitatua fuwele yake. Kama kompyuta ya Albany ingekuwa inajitungia, isingeweza kuotea mapema kile ambacho eksirei ingekuja kukionyesha.

Nadhani unaona sasa kwa nini nilisema sampuli kwanza. Wastani hufanya kazi pale tu ambapo chembe zinazojumlishwa ni za aina moja. Ukizijumlisha 70S, 50S, 30S na mabonge, programu itakupa kitu, kwa sababu programu daima hukupa kitu, lakini kitu hicho hakitakuwa chochote kilichowahi kuwepo.

Kuhusu kugandisha, neno hili limewapoteza wengi. Maji yakiganda kwa kawaida hufanya fuwele za barafu, nazo huisukuma na kuipasua chembe, kisha huutawanya mwale wa elektroni mpaka picha ikawa haina maana. Jacques Dubochet na Alasdair McDowall, wakiwa katika maabara ya biolojia ya molekuli ya Ulaya iliyopo Heidelberg, walionyesha mwaka 1981 kwamba maji yakipozwa kwa kasi ya kutosha hayapati nafasi ya kujipanga: husimama yalivyo, mithili ya kioo, na chembe iliyomo hubaki na maji yake yote. Tone dogo huwekwa juu ya gridi yenye utando wa matundu, hufyonzwa mpaka ubaki ukungu usiofika nanomita 100, kisha gridi hutumbukizwa katika ethani kimiminika iliyopozwa karibu na nyuzi 180 chini ya sifuri. Watu huuliza kwa nini isitumike nitrojeni kimiminika, ambayo ni baridi zaidi na ni rahisi. Ni kwa sababu nitrojeni huchemka mara inapoguswa, mvuke wake ukaifunika gridi kama blanketi, na upoaji ukachelewa. Kuanzia hapo gridi haitakiwi kupanda juu ya takriban nyuzi 140 chini ya sifuri mpaka kazi iishe, vinginevyo kioo hugeuka fuwele.

Njia hiyo ilikaa miaka mingi ikitoa maumbo ya mabonge-mabonge. Kilichoibadilisha, kuanzia mwaka 2012 na 2013, ni kamera mpya zinazohesabu elektroni moja kwa moja na kupiga filamu badala ya picha moja, hata mtikisiko wa chembe unaosababishwa na mwale wenyewe ukaweza kusahihishwa. Ribosomu zilikuwa za kwanza kunufaika, kwa kuwa ni kubwa, zina fosforasi nyingi inayozifanya zionekane vizuri, na zinavumilia misukosuko. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge walifikia ubainifu unaokaribia atomu kwa kutumia chembe 30,000 tu. Dubochet, Frank na Henderson walipewa Nobel ya kemia mwaka 2017. Fuwele hazihitajiki tena, na kiasi cha sampuli ni kidogo mno: gridi moja hutaka mikrogramu chache za ribosomu. Tena jambo ambalo fuwele haikuweza kulionyesha kwa urahisi, yaani ribosomu ikiwa kazini, hapa huonekana. Frank na Rajendra Agrawal walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ndogo huzunguka kidogo juu ya sehemu kubwa wakati ribosomu inaposogea kando ya RNA inayoisoma, kwa kulinganisha maumbo ya ribosomu zilizoandaliwa katika hali tofauti za kazi.

Katika malale na jamaa zake, uwanja si mtupu, na lazima ulijue hilo kabla hujaandika pendekezo lako. Ribosomu ya Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, ilichapishwa mwaka 2013 kwa ubainifu wa takriban nanomita 0.55, ikaonyesha mambo ya ajabu: RNA kuu ya sehemu yake kubwa imekatika vipande sita, na ina nyongeza nyingi zisizokuwepo kwetu. Mwaka 2014 ikafuata ribosomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ikiwa imeshikwa na dawa ya emetini, kwa nanomita 0.32, halafu zikaja za kimelea cha Leishmania pamoja na dawa ya paromomaisini. Kwa hiyo pendekezo la "kuona muundo" peke yake halitakufikisha mbali. Swali lenye uzito ni dawa gani inashika wapi, au ni protini gani ya kimelea inahitajika katika hatua gani. Kwa upande wa usalama, maabara nyingi huanza na aina ndogo ya brucei ambayo damu ya binadamu huiua, wala si rhodesiense inayoleta ugonjwa Tanzania na Uganda. Hata hivyo kibali cha kamati ya usalama wa kibiolojia cha chuo chako ni cha lazima.

Basi una njia zipi? Ya karibu kabisa ni kubaki na upakaji wa rangi na hadubini hiyo ya patholojia, ukapiga picha za kutosha, ukachukua chembe elfu kadhaa na kutoa wastani wa mikao yake. Matokeo hayo yatajibu kama ribosomu zako ni safi, nzima na zimeungana, na kwa shahada ya uzamili ni sura halali ya tasnifu. Hayatakuonyesha dawa imeshika wapi, na asikudanganye mtu kwamba yatafanya hivyo. Wakati huohuo jifunze hesabu zake kwa data za wengine. Ile data ya ribosomu ya malaria na emetini imewekwa wazi katika EMPIAR, hifadhi ya mtandaoni ya picha za hadubini ya elektroni, namba 10028, na ndiyo inayotumika duniani kote kujaribia programu. RELION ni programu huru isiyolipiwa. Unahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, na nakushauri upakue picha za chembe zilizokwisha kukatwa badala ya filamu zote, maana filamu zitaumaliza mtandao wa chuo kizima. Njia ya tatu, ushirikiano na kituo chenye hadubini kubwa, ndiyo itakayokufikisha kwenye malale, na hapo msimamizi wako amesema kweli: mashine hizo hununuliwa kwa mamilioni ya dola na kuziendesha kuna gharama isiyokoma. Lakini hakuna anayekutaka uinunue. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mapokeo ya muda mrefu katika kazi hii, na vituo vya Uingereza na kwingineko Ulaya hupokea maombi ya watafiti wa nje. Kitu cha kwanza watakachokuomba ni picha za upakaji wa rangi zinazoonyesha sampuli nzuri. Yaani zilezile ambazo hadubini yenu inayodharauliwa inaweza kuzitoa.

Sababu moja ingenifanya nikushauri ubadilishe mada: kama sentrifuji ya kasi kubwa uliyoitumia ni ya kuazima na huna uhakika wa kuipata mara kwa mara. Kwenye kazi hii utatenga ribosomu tena na tena, na kuikosa mashine hiyo kutakuumiza kuliko kukosa hadubini.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, yanataka mtu aliye mbele yako. Uranili asetati ni sumu, hasa unga wake ukivutwa puani au kumezwa, na ina mionzi hafifu. Usiipime unga peke yako nje ya chumba cha kuvutia hewa, usiimwage kwenye sinki, na kabla hujaendelea mwone afisa wa usalama wa mionzi wa chuo. Kama uko Tanzania, yeye ndiye atakayekuelekeza taratibu za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kuhusu kuitunza na kuitupa. Ethani hulipuka, na nitrojeni kimiminika ikivukiza katika chumba kidogo kisicho na madirisha huondoa oksijeni bila harufu wala dalili, kwa hiyo usijifunze kutumbukiza gridi kwa kutazama video. Hadubini nayo inahitaji fundi wake: omba akae nawe mchana mmoja, akuonyeshe jinsi ya kupanga mwale, kuondoa upotofu wa lenzi kwa kutazama chembechembe za kaboni, na kutafuta fokasi pembeni mwa eneo unalotaka kulipiga ili usiliunguze kabla ya picha. Ukienda kwake, chukua gridi mbili za sampuli yako katika ukolezi tofauti, mchoro wa vilele vya mteremko wa sukrosi, orodha kamili ya viungo vya bafa, na gridi moja iliyopakwa rangi bila ribosomu yoyote, maana hiyo ndiyo atakayoitaka kwanza.